Matairi ya Jua

Bi Ottilie Krahforst, daktari wa meno wa Adenau,
aliingia gereji Jumanne, saa nne asubuhi,
ufunguo kidoleni, mwavuli kwapani,
akasema: Nataka matairi ya jua.

Nikamtazama. Huku kwetu Eifel
mvua haibishi hodi.
Huanza upande mmoja wa kilima
na upande wa pili watu wangali wanaanika mashuka.
Nikamwambia, mama, yapo ya kati,
ya jua na mvua, hayana makuu,
yatakufikisha sokoni na kanisani.
Akacheka kwa meno yake yote:
"Sokoni naenda kwa baiskeli."

Basi nikaliinua gari kwa jeki.
Dogo, la njano, viti viwili,
injini mgongoni kama mtoto mbelekoni.
Nikapitisha kiganja kwenye tairi kuukuu,
maana tairi ni shajara, halijui kuficha:
bega la kushoto mbele limelika,
la kulia bado lina kashata.
Bibi huyu huchelewa kushika breki
na kona za kulia huzikata bila huruma.
Sikusema kitu. Yeye pia, nadhani,
hutazama jino akajua nani hula peremende usiku.

Nikamshushia aina tatu rafuni.
La kwanza mifereji tele, la pili wastani,
la tatu karibu kipara tangu kuzaliwa:
mifereji miwili tu, kama mikunjo ya paji la uso,
mpira laini, ukiubonyeza kwa ukucha
alama hubaki kidogo, kisha huondoka.
Akalinusa. Ndiyo, alilinusa.
Marek, mwanagenzi wangu, akageukia ukuta.

Nikamtajia na dosari zake.
Asubuhi ya baridi ni gumu kama soli ya buti;
lipe joto, kilomita nne, tano, bila ubishi,
ndipo litakapokuamini.
Ubavu wake haujui kubembeleza,
kila kokoto utaihesabu kwa uti wa mgongo.
Msimu mmoja, miwili, limekwisha.
Na dimbwi likikukuta, kumbuka
gari zima limesimama juu ya viganja vinne vya mpira;
maji yakipenya chini ya viganja hivyo
usukani utakuwa sahani tu mkononi.

Akanyamaza. Akautazama mwavuli wake.
"Miaka thelathini na tatu," akasema,
"nimeishi kama tairi la kati.
Nipe la tatu."

Tukafunga yote manne.
Nikasoma tarehe ubavuni: wiki ya tisa, mwaka huuhuu,
mabichi kabisa.
Upepo nikaupunguza kidogo, nikapima, nikapima tena.
Marek akakaza nati kwa spana ya kipimo,
na nati ya mwisho ilipolia tik
tone la kwanza likadondoka juu ya bati.

Hakulaani. Alivuta kiti cha plastiki
hadi mlangoni, akaomba kahawa,
tukakaa watatu tukiitazama lami:
nyeusi, nyeusi, nyeusi,
kisha kando ya mtaro, kama saa nane hivi,
doa moja la kijivu,
dogo, la ukubwa wa kiganja.