Nusu Kilo

Anakuja saa mbili, vumbi la Agosti bado limelala,
hela kaifunga pembeni mwa kanga.
"Mbukwa, Idi. Nusu kilo ya sukari."
Idi ni baba. Alifia hapa hapa Mpwapwa,
nyuma ya kaunta hii, kalamu sikioni.
Naitika. Jina la baba halinichubui.

Saa nne anarudi.
"Nusu kilo ya sukari. Nyumbani hamna hata chembe."
Noti anainyoosha kwa kidole gumba,
chenji anaihesabu mara mbili, hakosei shilingi:
miaka ishirini na saba karani wa mizani,
ghala la ushirika, karanga za Kongwa na Kibakwe.
Gunia lililopungua, kwake lilipungua,
hata liwe la mchungaji.

Siku ya kwanza nilimuuzia mara nne.
Nilifurahi. Niliapa nisijisafishe humu:
nilifurahi, biashara ilikuwa mbaya.

Ni Nyemo, binti wa jirani, aliyefungua kabati la Bibi Sechelela
akitafuta chumvi.
Mifuko kumi na tisa.
Sisimizi wamepanga foleni kama siku ya pensheni.
Akaja nayo kwenye ndoo, akaitua kaunta,
asiseme neno.
Angesema ingekuwa nafuu.

Ndipo tukaanza.
Anachonunua asubuhi, Nyemo anakirudisha jioni
kwa mlango wa uani.
Hela naitia kwenye kopo la maziwa ya unga,
Ijumaa inarudi kimya kimya kwenye kikoba chake.
Mfuko mmoja, nusu kilo,
nimemuuzia tangu Agosti hadi mvua za kwanza.
Umechakaa pembe. Nimeufunga kwa uzi wa gunia.

Mhudumu wa afya alikuja na baiskeli, akauliza:
leo siku gani, mwezi huu ni upi?
"Wewe kwenu hamna kalenda?"
Tulicheka wote. Yeye akacheka, kisha akaandika.
Alisema si uzee mtupu, ni maradhi, ndiyo kwanza yananyemelea;
asibishiwe, asihamishwe ovyo,
vidonge vya presha apewe vya siku moja moja.
Mwanawe Yaredi akapiga simu toka Geita:
"Mleteni huku." Bibi akainyakua:
"Huko nani atanijua?"
Akakata.

Basi Nyemo hupita saa mbili usiku kunusa jiko,
kama mkaa umezimwa.
Na vijana wa bodaboda, watu wa matusi wale,
wakimkuta njia ya Ving'hawe anatembea kwa haraka ya kwenda kazini,
hawamwambii kapotea.
"Bibi, panda, nami naelekea kwako."

Ila usiku swali hunijia:
mimi ni mwizi, au ni nani?
Kumuuzia mtu chake mwenyewe,
tena mtu wa mizani,
aliyewahi kumrudisha baba yangu na gunia lake kichwani
kwa pungufu ya ratili mbili.

Jana, mvua ikigonga bati, alikuja mara ya tatu.
Nikamkabidhi. Hakuondoka.
Aliuweka mfuko kiganjani, akafumba macho,
akaupandisha kidogo, akaushusha.
"Hii haifiki nusu."
Mvua.
"Imepungua vijiko viwili. Na uzi huu naujua."
Nilikosa pa kutazama. Nikatazama viberiti.
Yeye akafungua fundo la kanga,
akanyoosha noti kwa kidole gumba, kama siku zote,
akaitelezesha kwangu.
"Ongeza viwili," alisema, "halafu tuendelee."

Niliongeza. Mkono ulitetemeka, vikawa vitatu.
Akachota kimoja,
akakirudisha guniani.