Mkunga na Mkungu

Wagonjwa wangu wote walikuwa na midomo.
Miaka thelathini na mmoja, zahanati ya Mtongwe,
nikiuliza wapi panauma, mtu hunyoosha kidole:
hapa, muuguzi, hapa, na huku nyuma.
Wewe umesimama nyuma ya choo, mwaka wa pili sasa,
huna hata kidole cha kunyoosha.

Nilionywa. Mgomba changaraweni haupandwi,
na ua wangu wote ni matumbawe na vigae,
chungu cha marehemu mama kimo humo, vipande vipande.
Nikachimba kwa mtaimbo, siku tatu,
nikajaza shimo samadi ya mbuzi wa Kadzo,
ndoo tisa, kwa mkopo.

Ukamea. Kisha majani yakaanza kuungua pembeni,
rangi ya gome la mkandaa.
Kadzo akachungulia juu ya ukuta: "Chumvi hiyo, dada.
Maji ya kisima chetu hata sabuni haitoi povu."
Nikaamini. Nikakinga mvua kwa pipa,
nikanunua ya mkokoteni, madumu mawili,
moja lako, moja langu,
na siku nyingine yote mawili yako.
Majani yakaendelea kuungua.
Nikayapunguza kwa mkasi niliostaafu nao.

Watoto ukazaa saba kwa mpigo, wamekukumbatia kiunoni.
Mkunga gani huambiwa: bakiza mmoja, wengine kata?
Nilinoa panga, nikalirudisha. Nikalitoa tena.
Nikabakiza wawili, kwa uoga.

Juni ukatoa ua, zambarau, zito,
limeinama kama kichwa kinachotafuta njia.
Nikacheka peke yangu: mimi mkunga, wewe mkungu,
herufi moja tu imetutenga.
Nikahesabu chana: tano, sita, na ya saba nusu.
Mwarandu, fundi rangi, akasema weka mwega, kusi imeshika.
Wapi!
Mgomba haushindwi na mkunguwe,
nikamjibu, nikaingia zangu kulala.

Saa tisa usiku, kishindo.
Umelala ubavu juu ya kamba ya nguo,
mizizi hewani.
Nikafanya nilichokijua: taa, kisu, kitenge.
Mkungu nikauning'iniza kwenye mizani ya ndoano
niliyopewa siku ya kuagwa, ya kupimia wachanga.
Kilo kumi na moja na robo.
Siku zake hazijatimia. Vidole vyembamba, bado vina pembe.

Kulipokucha nikapasua kisiki.
Mle ndani mashimo meusi, njia juu ya njia,
na funza weupe, wanene, vichwa vyekundu, hawana haraka.
Fukusi.
Si chumvi. Wala si upepo, upepo ulisukuma tu.
Mwaka mzima nimetibu majani
na ugonjwa uko chini, penye kisigino.

Nyevu alikuja saa kama ile, mwaka wa mafuriko.
"Kichwa, muuguzi." Nikampa vidonge viwili vya kichwa.
Alikuwa amevaa ndara za mumewe.
Sikuuliza kwa nini.

Ndizi Kadzo amezifunika kwa gunia.
Nusu zimeiva, nusu zimegoma, ngumu kama mshumaa;
hizo tunazipika kwa nazi na hatusemi kitu.
Kati ya wana wawili, mmoja nilimkuta ameshaliwa,
nikamchoma.
Wa pili nimemmenya mguu hadi akawa mweupe,
nikamzamisha maji ya moto, moto kweli,
si yale ya kupima kwa kiwiko.
Nimempanda upande wa barazani, mbali na alipolala mamake.
Mwega umeshaegemezwa ukutani unamngoja,
na mtu mwenyewe hajanifika goti.
Mwarandu akipita hucheka. Na acheke.

Asubuhi, kabla ya chai, napiga magoti na tochi,
nafukua udongo kwa vidole, taratibu, naangalia.
Kadzo huuliza kutoka ng'ambo ya ukuta, majani je?
Majani sijayatazama bado.