Chumba Namba Mbili

Baba aliichora juu ya boneti ya pikapu,
kwa kidole, katika vumbi jeupe la Kariandusi:
chini karakana, kati wageni, juu sisi,
na paa, alisema, litakunywa mvua kwa niaba ya wote.
Upepo wa saa kumi ukaifuta.
Akaichora tena. Ukaifuta tena.
Mara ya tatu fundi Wekulo akawahi kuipima kwa shubiri
kabla haijapeperuka kuelekea Elementaita,
na ndiyo maana, mpaka leo, ngazi zetu zina kipandio kimoja
kirefu kuliko vingine:
hapo ndipo baba alipopiga chafya.

Kuta ni mawe ya kuchonga, unene wa dhiraa nzima.
Wapita njia waliuliza, Muhoro, unajenga nyumba au jela?
Lakini Februari, leleshwa ilipokauka ikabaki harufu tu,
na mabati ya jirani yakilia ta, ta, ta kwa joto,
walikuja kuegemeza migongo upande wa kivuli
wakaacha kuuliza.

Chini, mama hupasua pampu za visima
kama apasuavyo kuku: hii shingo, hii firigisi,
hapa ndipo mchanga ulipoingia ukakaa.
Sauti ya kazi hupanda ngazi bila kuvua viatu.
Mgeni wa namba moja huamshwa na nyundo,
hulipa shilingi mia nane, na chai juu yake,
kisha husema amelala vizuri,
kwa adabu, huku akisugua macho.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Kwetu jembe hugonga jiwe likarudi mkononi,
kwa hiyo Otiende, aliyekuja kuhesabu heroe ziwani,
siku ya tatu tulimpa spana.
Huu ni mwaka wa sita.
Hesabu ya heroe sijui iliishia wapi.
Dada yangu Nyawira anajua, lakini wamefunga mlango.

Mimi nilipewa kitambaa.
Kupangusa madirisha asubuhi, adhuhuri, kabla ya kulala,
na kuhama na blanketi langu.
Wageni wakiwa wanne, nililala na nyanya.
Wakiwa sita, nililala karakana, kati ya mota mbili.
Pasaka moja nililala juu ya dari, sikio ubavuni mwa tangi,
nikasikiliza maji ya Aprili yakibishana
yashukie bomba la nani kwanza.
Mwalimu aliposema, chora chumba chako,
nilichora blanketi.

Mwaka juzi kile kipandio kirefu kilimshinda baba.
Tukamshusha namba mbili, penye dirisha la kutazama machimbo.
Akadai daftari la wageni, maana sheria ni yake.
Jina: Muhoro wa Kirubi. Atokako: juu.
Aendako,
hapo kalamu ilitua, isiondoke,
ikaacha nukta ya wino kubwa kama punje ya mtama.

Jana hatukuwa na mgeni hata mmoja.
Nikachukua ufunguo msumarini, nikalala humo,
katika shuka la wageni, lile tulilokatazwa hata kulikalia.
Usiku kucha niliisikia nyumba kutoka katikati yake:
juu kikohozi cha nyanya, chini chuma kikipoa,
na ndani ya mfereji wa paa
majani makavu yakijifanya mvua.

Alfajiri nikajaza mstari wangu, chini ya ile nukta.
Penye Aendako nikaandika:
ghorofani, kisha karakana, kisha nitaona.
Mama alilisoma daftari, grisi hadi kwenye viwiko.
Hakusema kitu.
Akaniandikia risiti ya mia nane,
na chai juu yake.