Robo ya Kidonge

Mgongo wangu uliandikwa na kondoo.
Miaka ishirini na sita nimeinama,
mashine mkononi, magoti yamebana shingo,
mia tatu kwa siku katika mabanda ya Waikaka,
mafuta ya sufu yakinywewa na viatu
hadi vikawa laini kama ulimi.

Pingili ya nne ilipoteguka
walinipa vidonge vyeupe,
vidogo kama punje ya mtama.
Kimoja asubuhi, kimoja jioni.
Nikasema ahsante, na nilimaanisha.

Sijui lini viwili vikawa vinane.
Sijui lini maumivu yalihama
na dawa ikabaki, mpangaji asiyelipa kodi,
ikigonga usiku wa manane: amka, nipe.

Nilivificha kwenye kopo la hereni za kondoo.
Morag aliuliza mna nini humo.
Nikamwambia sumu ya panya.
Sikudanganya sana.

Aprili nilivimwaga vyote mtoni.
Mto Mataura ukavimeza, ukaenda zake.
Nikajiona mwanamume
kwa muda wa saa ishirini hivi.
Kisha miayo, miayo mfululizo,
machozi pasipo msiba,
vinyweleo wima kama kuku aliyenyonyolewa,
tumbo bomba lililopasuka,
na miguu, ee miguu,
ikipiga shuka mateke usiku kucha
kama mnyama aliyeona kisu.
Usiku wa tatu nilimpigia Dunstan.
Aliniuzia kumi kwa bei ya kondoo dume
na hakunitazama usoni.

Ngaire wa duka la dawa alitazama.
Akatazama karatasi, akatazama kalenda.
“Umewahi kwa siku tisa, Lachlan.”
Nyuma yangu palikuwa na watu watatu,
mmoja mwalimu wa binti yangu.
Akanifungulia chumba kidogo chenye mizani ya watoto wachanga,
akafunga mlango.
Mficha uchi hazai, lakini ulimi wangu ulikuwa mzito.
Nikasema: nataka kuacha, ila nisife.
Hakuuliza kwa nini.
Aliuliza vingapi.

Nikasema sita.
Nikasema, samahani, kumi na moja.

Daktari Thushari alisikiliza hadi chai yake ikapoa.
“Usiache ghafla tena,” alisema.
“Mwili wako umejenga nyumba juu ya dawa hii.
Tutatoa tofali mojamoja.
Ukisikia paa linalia, niambie, tunasimama.”
Akaandika ratiba kwa kalamu ya kijani.
Vidonge vya wiki moja tu, vimefungwa kwa siku,
Ngaire ndiye anavitunza.
Na kichupa cha kupuliza puani,
cha mtu aliyelala akasahau kupumua.
Hicho, alisema, apewe mkeo, afundishwe.

Basi ikabidi Morag ajue.
Alikigeuzageuza kichupa kiganjani.
“Sumu ya panya,” akasema.
“Nyumba hii haijawahi kuwa na panya.”
Akaniuliza kinapulizwa tundu lipi.

Huwezi kumkata kondoo sufu kwa kuvuta.
Ukivuta ngozi inanyanyuka, unaichana.
Mkono wa kushoto unanyoosha, taratibu,
wa kulia unafuata palipokwisha kunyooshwa.
Nimewafundisha vijana arobaini jambo hili
nisijue nalo lingekuja kunifundisha.

Julai tulisimama wiki tatu.
Hatukupunguza hata chembe.
Niliona haya kumwambia daktari kwamba paa linalia;
alifuta tarehe, akaandika nyingine.

Sasa ni Septemba, wana-kondoo wako malishoni,
mgongo unauma, na unauma kama mgongo,
si kama deni.
Jumanne natembea ndani ya maji ya bwawa la Gore
pamoja na vikongwe wawili wanaonizidi mwendo.

Bado vidonge viwili na robo.
Asubuhi hii nilikata kwa kisu cha matunda;
unga kidogo ukabaki mezani,
mweupe, haujazi hata ukucha.
Nikautazama.
Morag alikuwa anaosha vyombo,
maji yalikuwa yanamwagika,
naye hakugeuka.
Nikautazama tena.
Kisha nikaomba kitambaa.