Uzito wa Gunia Tupu

Sina saa ya kengele. Huniamsha adhana
ya msikiti ulio nyuma ya nyumba,
na kabla Maalim Faki hajamaliza
miguu yangu inatafuta makubadhi gizani:
Bwana Yesu, kumekucha. Twende kazini.

Ndiyo sala yangu yote, msimu wa karafuu.
Mama angeniona angeona haya:
yeye alisali kwa magoti, kwa majina ya watakatifu,
mpaka uji ukafanya utando.
Mimi nasema twende,
na tunakwenda.

Kituoni Wete mizani ni yangu.
Mwaka wa kumi na moja naitwa Skola wa Mizani,
Mkristo peke yangu kati ya wapagazi na makarani,
na hakuna anayekumbuka hilo ila Ramadhani,
nikienda kunywa maji nyuma ya stoo
kwa kujificha kama mwizi, kwa heshima tu,
na hata huko siko peke yangu.

Juzi, jua la saa nane,
foleni imefika barabarani,
Bi Time Shaame wa Mtambwe akaleta gunia lake moja,
karafuu kavu za kukatika kwa ukucha.
Nikatoa uzito wa gunia, kilo moja, kama ilivyo ada.
Mtu akaniita. Nikageuka. Nikarudi kwenye daftari
nikatoa kilo moja tena.

Nililiona jioni, nikifunga hesabu.
"Kilo moja?" alisema mkuu wa kituo.
"Humo ndani mna tani ngapi, Skola? Nenda kalale."
Nikafunga daftari. Nikafunga dirisha.
Nikafunga mlango, makufuli mawili,
Naye akabaki ndani,
kando ya mizani.

Sijui kulieleza vingine.
Sikusikia sauti. Sikuona mwanga
kama wa ile picha ya kalenda, ndevu za dhahabu, kidole kifuani.
Nilitembea hadi nyumbani bila mwenzangu,
basi. Nikala muhogo, ukawa muhogo tu.
Na alfajiri niliposema twende
neno liligonga ukuta likarudi.

Karafuu zina tabia: ukiishi nazo, pua huzizoea.
Mgeni akishuka bandarini huvuta pumzi, akasimama,
sisi tukamuuliza: harufu gani?
Hivyo ndivyo nilivyokuwa Naye,
miaka, na miaka, na sikujua
kwamba nilikuwa nanusa.

Nikaomba ruhusa ya saa mbili.
Pesa nilitoa kwenye mkoba wangu
(daftari limeshapigwa muhuri, na daftari halitubu).
Bodaboda hadi njia panda, kisha kwa mguu,
viatu mkononi pale penye tope.

Bi Time alikuwa anachambua makonyo uani.
Alinisikiliza hadi mwisho. Akazihesabu noti, akazihesabu tena,
akazifunga kwenye pindo la kanga.
"Kilo moja ndiyo iliyokutoa Wete na jua hili?"
Ndiyo.
"Nani aliyekutuma?"

Mimi ambaye sijapata kumhubiria mtu,
ambaye kanisani hukaa benchi la mwisho
na bado watu hatufiki ishirini,
nilinyoosha kidole nyuma yangu, kama mjinga,
kwenye njia niliyojia.
Tope. Kuku wawili. Nyayo zangu.

Aliitazama ile njia, akaitazama.
Kisha akasogea kwenye jamvi,
akapangusa nafasi kwa kiganja, kubwa kuliko yangu,
akasema, "Basi kaeni."

Sikumuuliza kama ni heshima
au ni hesabu.
Nilikaa. Tukachambua makonyo mpaka jua likapoa,
ruhusa ya saa mbili ikawa ya saa nne,
na njiani, kurudi, nilinusa vidole vyangu
kama mgeni.