Kijiko

Muuguzi wa Mlaleo hakunigombeza.
Alimimina uji wangu kutoka kwenye chupa,
akachota kijiko, akakiinamisha.
Ukamwagika wote, chururu,
kama maji ya kuoshea mchele.
"Bibi," akasema, "huu anaunywa. Hajala."

Nikarudi Mwandoni na Saumu mgongoni,
miezi minane,
mwepesi kama khanga iliyokauka.
Utepe wa rangi ulimzunguka mkono
ukakoma kwenye manjano.

Mamake yuko Changamwe, zamu ya usiku,
anashona suruali za watu asiowajua.
Saa tisa maziwa yanamlowesha blauzi,
na huku nyumbani
ni mimi na kisufuria.

Nimelea saba kwa uji mwepesi.
Hilo ndilo nililotaka kumjibu yule binti.
Saba! Nikawahesabu njiani, kwa vidole:
Mwanamisi, Shee, Tima, Hamadi, Riziki.
Vidole viwili vikabaki wima.
Tuliambiwa ni jicho.
Tuliambiwa ni upepo, ni siku zao zimefika.

Kongowea nikanunua kunde za shilingi ishirini,
kipande cha boga,
dagaa wakavu, fungu la mwisho, lenye mchanga.
Nikawapukuta vichwa, nikawaosha, nikawaanika tena,
nikawatwanga hadi kinu kikanuka pwani.
Boga nikaliponda kwa uma.
Kisha tui la kwanza, lile zito,
ambalo maisha yangu yote
nimekuwa nikiwawekea wageni.

Saumu akatema.
Akatema tena, akanikazia macho
kama mwenye nyumba amtazamavyo mpangaji wa miezi mitatu.
Nikamfuta kidevu. Nikangoja.
Nikamwambia habari za paka wa jirani.
Mara ya tatu ulimi ulitoka, ukaonja,
ukarudi ndani na kitu.

"Utamvimbisha mtoto wa watu!"
Mwanaidi huyo, dirishani, hana kazi.
Ningemjibu, lakini nilikuwa na jambo la kutazama.
Nilichota, nikakiinamisha kijiko
kama alivyofanya yule binti.
Boga likashika.
Nikakigeuza zaidi. Likashika.

Nikakaa hivyo, mkono hewani,
nikiwaza vile vidole viwili,
mmoja alipenda kulala na sikio langu mkononi,
hadi Saumu akanipigia kelele,
akavuta kanga,
akafungua kinywa:
alikuwa bado na njaa.