Bobini

Thanasi Vurlaki alishuka Jinja na masanduku mawili:
moja la spana, moja la gitaa,
na lile la spana ndilo lililolipiwa nauli.
Kiwanda cha nguo kilimwita aje afufue mitambo.
Ikafufuka miezi saba, ikafa tena.
Yeye akabaki.

Mimi fundi wa nyaya, mwana wa Walukuba,
mlango wa tatu kutoka bombani,
tuliozungumza Kiswahili kwa sababu
baba alitoka huku, mama kule,
na jirani hajui cha huku wala cha kule.
Alinikuta nachomea risasi redio ya Mama Apiyo.
Akauliza kama naweza kuifanya amplifaya yake ikohoe.
Bwana, nikasema, mimi nalipwa kuzuia kikohozi.
Akacheka. Nikazidisha moto kidogo kwenye valvu.
Ikakohoa.

Basi nikawa mtu wa bendi.

Kidole cha mwisho alikivisha bobini,
ile ya chuma, ya uzi, namba imefutika,
akaitelezesha juu ya nyuzi bila kukanyaga popote,
sauti ikapenya kati ya noti na noti
kama mtu apitaye baina ya nyumba mbili zenye ugomvi
asisalimie upande wowote.
Hajui kupiga huyu, wakasema.
Gitaa tulilolizoea lilicheka, la arusi,
vidole viwili vikikimbizana mchana kweupe.
Lake lilijikokota, likasimama, likasahau liendako,
kisha likapiga ukelele
kama aliyekanyaga msumari.

Na kuimba kwake! Mchanga kwenye karai.
Aliimba Kiswahili changu kwa ulimi wa kwao,
sh ikamshinda, ikawa s:
"Sida zangu, sida zangu, nani atazinunua?"
Ubeti wa kwanza, Klabu ya Reli nzima ilicheka.
Wa pili, mpishi akatoka jikoni na mwiko mkononi.
Wa tatu
nilisikia barafu ikiyeyuka kwenye bilauri.

Umaarufu? Sijui nihesabu nini.
Kampala mara nne; hoteli moja ilitulipa soda na nusu kuku.
Tororo, kwa watu wa saruji, nyusi zao nyeupe.
Mbale, jenereta ilipokata roho katikati ya wimbo
naye akaendelea gizani, kiatu kikipiga ubao:
usiku pekee ambao fundi wa nyaya
hakuwa na kazi, na ndio uliozidi zote.
Kaseti moja, nakala mia mbili.
Sitini zingali chini ya kitanda changu.

Alikuwa na wimbo mmoja asioutafsiri,
wa mama yake, aliyebebwa mtoto
kutoka Smirna ikiungua.
Aliupiga polepole, bobini ikitetemeka.
Nantaba, muosha bilauri, mtu wa Luwero,
akaacha maji yakitiririka.
Huu naujua, akasema.
Hatukumuuliza ameujulia wapi.

Mwaka wa tisa vidole vikaanza kugoma,
kimoja kimoja, kama wafanyakazi wa zamu.
Akabaki na kile cha bobini
na nyuzi tatu.
Ndipo alipopiga vizuri, mkiniuliza mimi,
ingawa klabu ilishauzwa
na waliosikia tulikuwa watano, na mbwa.

Walimzika kwa dini yao.
Padri Spiridoni Isabirye, mzaliwa wa Iganga,
aliimba Kigiriki kwa ulimi wa Kisoga,
r zikageuka l, l zikageuka r,
nami nikauma mdomo nisicheke,
kwa kuwa Thanasi angecheka,
halafu angeomba ubeti wa tatu.

Gitaa walilichukua ndugu zake kwa posta.
Bobini hawakuiulizia.
Ninayo. Nimeiweka chini ya mlango wa karakana
usijifunge upepo ukitoka ziwani.
Siku nyingine mlango huivuta kidogo juu ya saruji,
nami huacha risasi ipoe kwenye waya.